Ndani ya mpira wa gofu kuna nini, upepo?
Hapana ndugu, haujazwi upepo kama wa soka. Ni mgumu mpaka katikati. Kiini ni mpira wa viwandani (raba) uitwao polibutadieni, unachanganywa na kemikali za kuukaza, kisha unabanwa kwenye kalibu yenye moto hadi uive. Juu yake linavikwa ganda: mipira ya bei nafuu hupewa plastiki ngumu ya ayonoma, ya mabingwa hupewa urethani, laini zaidi, ndiyo maana huzunguka vizuri ikipigwa karibu na shimo. Vile vidimbwi, yaani vishimo vidogo juu ya ganda, havichongwi, vinatoka na kalibu yenyewe. Zamani huko Scotland, kabla ya utomvu wa gutapacha kuingia mwaka 1848, fundi alishindilia manyoya ndani ya ngozi na kushona. Mmoja mmoja, kwa mkono!