Maji Meupe Kwenye Trei: Kwa Mnaoanza Kazi ya Chumba cha Upasuaji

Tulikuwa kwenye kambi ya upasuaji, hospitali siitaji. Mgonjwa wa tatu alikuwa baba wa makamo anayetengenezewa njia ya dayalisisi mkononi: ateri inaunganishwa na vena ili baadaye mashine ya kusafisha damu ipate pa kuichotea. Mimi nilikuwa nesi wa skrabu, yaani wa kumkabidhi daktari vifaa, na kwenye trei yangu kulikuwa na sirinji mbili za mililita 10. Moja ilikuwa na maji ya chumvi yenye heparini, ya kusuuzia mshipa kwa ndani damu isigande. Nyingine ilikuwa na thrombini waliyokuja nayo wageni wa kambi, ya kumwagia juu ya mshono ukivuja. Moja inazuia damu kuganda, nyingine inaigandisha, na zote mbili ni maji meupe. Nilizijaza mwenyewe, na hakuna niliyoiandika jina, maana nilikuwa "najua" ya kushoto ni ipi.

Daktari akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Heparini."

Nikampa. Alipokuwa anaielekeza kwenye mdomo wa mshipa nikaona povu jembamba limeng'ang'ania ndani ya sirinji. Heparini haikuwa na povu. "Daktari, subiri," nikasema, sauti ikanitoka kama ya mtu aliyekabwa. Akairudisha. Tukamwaga kila kilichokuwa majimaji kwenye trei ile, tukaanza upya.

Wadogo zangu, thrombini huchukua fibrinojeni, protini iliyomo kwenye damu, ikaigeuza kuwa nyuzi za fibrini. Basi. Haijui kidonda wala mshipa. Ukiiweka juu ya jeraha itaziba jeraha; ukiisukuma ndani ya mshipa itagandisha damu humo humo, na mgonjwa anaweza kufa mezani. Kwenye kichupa wameandika wazi kwamba ni ya kupaka juu tu, isidungwe. Ila kichupa hakifiki kwenye trei ya skrabu. Yanafika maji.

Tangu siku ile thrombini yangu haikai kwenye sirinji ya kawaida. Inakaa kwenye kibakuli chenye lebo, jina na nguvu yake, na sponji inachovywa humo. Daktari akitaka kunyunyiza, kichwa cha kunyunyizia kinafungwa hapo hapo inapovutwa, na sindano haisogei karibu. Lebo inaandikwa kabla ya dawa kumiminwa, si baada. Na unapokabidhi, taja jina kwa sauti hata kama daktari ni mkali. Atakuzoea. Hayo hayo yafanyeni kwa adrenalini ya kulowekea gozi, kwa sababu inafanana mno na lignokaini, dawa ya ganzi, iliyo kwenye kibakuli jirani.

Vile vingine vya kusimamisha damu, visivyo maji, vina ujanja wake. Sponji ya jelatini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Spongostan au Gelfoam, hunywa damu na kuvimba. Tumboni ina nafasi ya kuvimbia. Kwenye uti wa mgongo haina: mfupa upande huu, neva upande huu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliopooza kwa sababu vitu vya aina hii viliachwa kwenye matundu ya mifupa karibu na uti wa mgongo, vikavimba na kubana neva. Kwa hiyo kwenye mgongo, damu ikishasimama, kitambaa au sponji inatolewa kwa kusuuzwa taratibu. Wewe uliyeitoa kwenye pakiti ndiye wa kukumbusha. Hesabu vipande vilivyoingia kama unavyohesabu gozi.

Surgicel, kile kitambaa cha selulosi, hufanya kazi vizuri kikiwa kikavu, kwa hiyo usikiloweke ukidhani unasaidia. Pia kina asidi, na asidi hiyo huua nguvu ya thrombini. Nimewaona watu wakikilowesha kwa thrombini ya gharama kisha wakashangaa mbona haifanyi kitu. Sponji ya jelatini ndiyo inayolowekwa: ichovye, ibane kwa vidole hewa itoke, iache inywe tena. Unga wa kolajeni nao unataka koleo kavu na glavu kavu, la sivyo utaganda kwako na si kwa mgonjwa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshinda uzi. Mshipa unaoruka damu unafungwa. Na kabla ya kurarua pakiti, gozi na mkono: gandamiza dakika 5 kwa saa ya ukutani. Kwa saa ya kichwani dakika 5 huisha kwenye ya pili, na kila ukichungulia unabandua donge lililokuwa linaanza kushika.

Kuna swali la kuuliza wodini, mgonjwa akiwa macho. Spongostan na Gelfoam zinatokana na nguruwe. Kwa wagonjwa wetu wengi wa Pwani na Visiwani hilo si jambo dogo. Wapo watakaokwambia dharura ina hukumu yake, wapo watakaotaka kumuuliza shehe kwanza, na jibu ni la mgonjwa, si lako. Selulosi inatokana na mimea, kwa hiyo mara nyingi njia mbadala ipo ikiwa mmeulizana mapema. Shahidi wa Yehova naye aulizwe kuhusu vile vinavyotengenezwa kwa plazima, majimaji ya damu, ya binadamu. Wengine hukubali, wengine hukataa.

Halafu nusu pakiti. Ndugu wa mgonjwa kanunua duka la dawa kwa hela ya kuchangishana, mmetumia robo, na roho inakuuma kutupa. Inaniuma hata mimi. Ila pakiti ikishafunguliwa haitakaswi tena wala haiwekwi kwa ajili ya mgonjwa wa kesho. Dawa ya hilo ni kumwambia daktari achague saizi ndogo mwanzoni.

Kilichoachwa mwilini kiandikwe: aina gani, vipande vingapi, wapi, pamoja na namba ya toleo. Mama mmoja tuliyemtoa uvimbe kwenye ini alirudi wiki ya pili ana homa. Picha ya CT ikaonyesha kitu chenye vijipovu vya hewa, na wa eksirei akapiga simu: "Sista, hapa mna jipu, mnafungua lini?" Nikamwomba asubiri kidogo, nikafungua daftari. Ukurasa wa siku ile, mwandiko wa mwanafunzi: "Surgicel, vipande 2, kitanda cha ini," yaani pale uvimbe ulipotolewa. Kumbe vile vijipovu vilikuwa vya Surgicel. Kimya kidogo kwenye simu. Akarudia kuangalia picha, daktari akampima mama upya, akaona hana dalili nyingine za jipu. Homa ilikuwa ya malaria.