Msinililie Theluji

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zangu.

Ile picha niliyopiga nikiwa nimeshika farasi kwenye theluji imezunguka Kibosho yote, ikashuka Moshi mjini, ikafika Usa River kule Arusha, na sasa imenirudia ikiwa na hadithi mbili. Ya kwanza inasema nimenunua shamba la farasi Kanada, kwa hiyo mchango wangu wa harusi ya Desemba upandishwe. Ya pili inasema nateswa, nazoa mavi kwenye barafu, na mama halali kwa kulia. Juu ya hiyo ya pili shangazi yangu mmoja akaandika kwenye kundi la ukoo: "Ndiyo tulichomsomeshea?"

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Najibu wote hapa, na zaidi namjibu mtoto wa kaka yangu aliye kwenye kambi ya farasi Usa River, maana yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana: farasi wanaishije kwenye baridi hiyo, na yeye aje au asije?

Farasi si wangu. Wenyewe ni watu wa Calgary wanaolipa kila mwezi ili watunziwe, nami ni mmoja wa watunzaji. Mshahara wa chini kabisa hapa Alberta ni dola 15 za Kanada kwa saa, na wangu hauko mbali na hapo. Shamba sina. Harusi nitachangia nilichosema.

Mavi nazoa. Farasi mmoja mkubwa, ukijumlisha na mkojo, hutoa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na lazima mtu aziondoe. Lakini shangazi, mimi na wewe tumekulia kihamba, shamba la nyumbani la migomba. Tumekula ndizi za migomba iliyonenepa kwa samadi iliyotolewa bandani na mama zetu kwa mikono. Mama zetu hao walishuka tambarare kukata majani wakayapandisha kichwani, kwa sababu ng'ombe wetu hawatoki nje. Hakuna aliyewahi kusema mwanamke huyo amedhalilika. Alisifiwa kwa ng'ombe wake. Mimi nilisoma mifugo Tengeru, na nilichosomea ndicho ninachokifanya: kumwangalia mnyama asubuhi na kujua kama ni mzima. Imekuwa aibu lini? Ilipovuka bahari?

Sasa theluji. Pole zenu zote zinakuja Januari, na Januari ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote kwenye kazi hii. Pole ziwekeni mpaka Aprili, theluji inapoyeyuka. Hapo uwanja wote unakuwa tope, toroli inazama, kwato zinalowa mpaka zinaanza kuoza kwa chini, ngozi ya miguuni inatoka vidonda, na kila farasi anarudi bandani ameganda udongo. Mkitaka kunililia, lieni wakati huo.

Januari ardhi ni ngumu na imetandikwa theluji kavu. Samadi imeganda, unaiokota kwa uma bonge kwa bonge, haina harufu wala haichafui. Robota la majani makavu la kilo ishirini na kitu silibebi begani. Naliweka kwenye beseni refu la plastiki, nalivuta juu ya theluji mpaka uwanja wa mwisho. Vumbi hakuna, kwa hiyo farasi wenye kikohozi wanapumua vizuri. Nzi hakuna hata mmoja. Kiangazi farasi anashinda akipiga mkia na kukanyagakanyaga chini, macho yanamtoka machozi kwa nzi, na mbu wa huku wanaweza kumwambukiza virusi vya Nile Magharibi. Barafu ya kwanza ikipiga, hayo yote yanaisha, na farasi anasimama ametulia.

Baba mdogo amesema wanyama hao wanaumia tu, ila hawana mdomo wa kusema. Hapana, baba. Farasi aliyezoea baridi, mwenye manyoya makavu na chakula cha kutosha, anavumilia mpaka nyuzi kama 15 chini ya sifuri kabla mwili haujaanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto. Manyoya yenyewe huanza kuota mapema, siku zinapofupika, kabla baridi haijafika. Huku Juni kuna mwanga zaidi ya saa kumi na sita. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Farasi wa Usa River hawezi kuota koti la namna hiyo, kwa sababu huko usiku na mchana havipishani sana mwaka mzima.

Mgeni akiona theluji imelala mgongoni mwa farasi anakimbilia kuipangusa. Iache. Haijayeyuka kwa sababu joto la mwili limezuiliwa ndani na halifiki juu. Wa kumhofia ni farasi aliyenyeshewa mvua baridi. Manyoya yakilowa yanalala, na hapo hata nyuzi tano juu ya sifuri zinamtetemesha. Na usiku wa baridi kali hatumwongezei pumba wala nafaka. Tunamwongezea majani makavu, kwa sababu yakichachuka kwenye utumbo mkubwa yanatoa joto kwa saa nyingi. Wazee, waliokonda na walionyolewa ndio tunaowavisha blanketi.

Kuna jambo sikuwahi kulisoma Tengeru: theluji inakutolea taarifa ya usiku. Nikifika alfajiri naona nani alilala wapi, nani hakutoa kinyesi, nani amegaragara tena na tena mahali pamoja, na huyo ndiye wa kuangaliwa tumbo kwanza. Anayechechemea naona mguu mmoja unaburuza alama. Uzio ukiwa umevunjwa, nyayo zinanipeleka pale pale. Kwenye majani mabichi au tope habari hizo zote zingepotea. Mtoto wa kaka, nikuonye mapema usije ukapiga kelele: mkojo wa farasi juu ya theluji huweza kugeuka rangi ya chungwa au wekundu wa kutu. Kuna kemikali ndani yake inayobadilika ikikutana na hewa. Mara nyingi si damu.

Wenye farasi nao wanashukuru kwa sababu zao. Wengi wanang'oa viatu vya chuma majira haya, kwato zinakua polepole, na fundi wa kwato anaitwa kwa nadra. Farasi asiye na chuma anashika vizuri kwenye theluji, na ile mikusanyiko ya barafu inayojibana chini ya kiatu inampata kidogo. Wanawapanda kwenye theluji laini, mwendo wa taratibu, muda mfupi, maana farasi huchoka haraka humo. Miguu inaimarika, na anayeanguka anaangukia palipo laini.

Sitawadanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Maji ndiyo vita yenyewe. Farasi anahitaji lita 25 mpaka 45 kwa siku, na kula theluji hakumtoshi. Akila majani makavu bila maji ya kutosha utumbo unaziba, na anaweza kufa. Kwa hiyo mapipa yana vipasha joto vya umeme, na umeme ukikatika usiku mtu anaamka. Vidole vyangu vinauma mpaka nashindwa kufunga kifungo. Halafu Calgary ina upepo unaoitwa Chinook. Unashuka kutoka milima ya Rocky, unapandisha joto ghafla, theluji inayeyuka, kisha baridi inarudi na uwanja mzima unakuwa kioo. Watu wa mjini wanaupenda upepo huo. Sisi tunamwaga mchanga na kuomba asivunjike farasi wala mtu. Nipeni theluji miezi mitano mfululizo kuliko wiki moja ya Chinook.

Mtoto wa kaka, swali lako sasa. Usije. Una kazi, una jua, unalala kwenu, na ndugu zako wanakuheshimu bila kuomba picha. Huku utaamka gizani, utarudi gizani, na kwenye simu utaulizwa tu umetuma shilingi ngapi.

Lakini mikono yako ni mizuri na farasi, niliona mwenyewe, na huku mkono wa namna hiyo unatafutwa. Basi ukija, njoo na mkataba wa kazi ulioandikwa jina lako, na usimlipe mtu yeyote anayesema anauza nafasi. Ukija kwa kubahatisha, kwangu hutalala. Utalala, lakini nitakugombeza kila siku. Kabla ya yote mwombe fundi wa kwato anayekuja hapo kambini akufundishe. Hiyo kazi inalipa kuliko toroli, hapa na hapo.

Na usidhani jua la Usa River linawapenda farasi kuliko theluji ya huku. Wewe ndiye unayewaingiza bandani kabla ya jua kuzama kwa kuogopa visubi, wale wadudu wadogo wanaouma. Visubi hao ndio wanaobeba virusi vya tauni ya farasi ya Afrika, na pundamilia wa hapo jirani, hifadhi ya Arusha, wanaweza kukaa navyo bila kuonekana wagonjwa. Farasi asiye na kinga akiugua aina ya tauni hiyo inayoshika mapafu, ni wachache wanaopona. Huku Kanada ugonjwa huo haupo, nami nalala bila hofu hiyo. Wewe huna nafasi ya kulala hivyo. Chanjo ya mwaka huu imeshachomwa kwa farasi wote, pamoja na yule mweupe mzee? Hilo nijibu leo, habari za viza tutaongea Jumapili.