Viwimbi vya Yves Meyer vina kazi gani?

Mdogo wangu, umeuliza mwanahisabati Mfaransa Yves Meyer alipewa Tuzo ya Abel, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2017 kwa lipi hasa, na kama hesabu zake zinamfaa mtu wa hapa Kigoma. Zinafaa sana.

Nenda mwaloni Kibirizi urekodi sauti kwa simu. Injini ya boti inanguruma mfululizo. Katikati yake mchuuzi wa dagaa anapiga ukelele mmoja tu. Njia ya mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier, ya tangu mwanzoni mwa karne ya 19, inaichambua rekodi nzima kuwa mawimbi yasiyo na mwisho. Ngurumo ya injini inanaswa vizuri. Ukelele nao umo, ila umetawanyika kwenye mawimbi yote, huoni ulitokea sekunde ya ngapi.

Ndipo Jean Morlet, mtafiti wa mafuta ardhini kwa kutumia mitetemo, akaja na viwimbi (wavelets), yaani mawimbi mafupi: vinapanda, vinashuka, vinakufa haraka, ndiyo maana vinaonyesha ukelele ulitokea wakati gani. Unavinyoosha kwa sauti nzito, unavibana kwa sauti kali. Meyer akavipa msingi imara wa kihesabu, halafu mwaka 1988 Ingrid Daubechies wa Ubelgiji akaonyesha vyenye mwanzo na mwisho kamili, ambavyo kompyuta inavikokotoa upesi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, inabana picha za alama za vidole zichukue nafasi ndogo kwenye kompyuta kwa njia hii hii. Usiiache hiyo kozi yako ya hesabu, tafadhali. Anza na Fourier, umwelewe barabara, ndipo uingie kwenye viwimbi.