Intavyuu ya ubobezi wa saikatria ya watoto: niliyojifunza kwa kupigwa chini

Wadogo zangu mnaomaliza MMed (shahada ya ubingwa) ya magonjwa ya akili, hapo Muhimbili na kwingineko, kila wiki kuna mmoja ananifuata WhatsApp, "dokta shikamoo, nataka kubobea kwenye watoto, naanzia wapi", na mi namrekodia sauti ya dakika saba nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, honi zinapiga, nusu haisikiki. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipoomba nilifika mpaka intavyuu nikapigwa chini. Na si kwamba sikujiandaa, nilijiandaa balaa, vigezo vya usonji na ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia) nimevidesa vyote, najua Leo Kanner kaandika ile makala yake ya usonji mwaka 1943, dozi za risperidone, ile dawa ya akili, nimezikariri kama ngonjera. Suti nimepiga, feni nimezima isilete kelele kwenye maiki, jasho linanitoka mpaka kwenye kibodi. Kama dakika ya kumi hivi wakaniambia, tueleze mtoto mmoja uliyemhudumia ambaye mpaka leo unamfikiria. Nikasema moyoni hapa nimelamba dume. Nikawamwagia: mtoto wa kiume, miaka tisa, kaletwa na bibi yake, anajikojolea kitandani na anapigana shuleni, kwenye familia hakuna kifafa, vipimo viko sawa, dayagnosisi ni hii, mpango ni huu, kliniki baada ya wiki nne. Safi kabisa kama naprizenti wodini asubuhi.

Kuna mama mmoja kwenye jopo alikuwa kimya muda wote. Akavua miwani akauliza, "Na yeye mwenyewe alisema nini?"

Jamani. Nilikaa kimya nikajifanya mtandao umekwama. Kiukweli sikuwahi kumuuliza. Niliongea na bibi kama nusu saa, mtoto yuko chini ya meza anachezea stetoskopu yangu, na mi nashukuru tu kwamba hasumbui. Nikajibu eti "hakuwa na ushirikiano", na nilivyolisikia hilo neno linatoka mdomoni nikajua nimeshakwenda na maji.

Sasa hilo ndo jambo lenyewe ninalotaka mlielewe kabla hamjanunua hata suti. Sisi tumezoea kumhoji aliyemleta mgonjwa. Siku ya kliniki mafaili yamejaa meza, foleni imefika kwenye korido, mama au bibi ndo anajua historia, basi unamaliza na yeye na mtoto unampa pipi. Na malezi yetu yanasaidia hapo hapo, mkubwa akiongea mtoto ananyamaza, akiulizwa anamwangalia mama yake kwanza. Hawa watu wa jopo wanataka kuona kama we unaweza kumfikia huyo wa chini ya meza. Vigezo utavikuta kwenye kitabu, na wanajua unaweza kuvisoma.

Yule mtoto alirudi, kwa bahati bibi yake alikuwa mtu wa kushika tarehe, anatoka naye Mbagala na daladala alfajiri. Safari hii nikavua koti nikakaa chini. Kuna mchezo wa Donald Winnicott, yule daktari wa watoto wa Uingereza aliyegeukia saikolojia ya kina, we unachora mstari wowote ule hovyo, mtoto anaumalizia uwe kitu, halafu yeye anachora wako unaumalizia. Nikachora kama nusu duara. Akaangalia, akachukua kalamu nyekundu, akaweka tairi tatu, ikawa bajaji. Ndani akachora watu wawili wadogo nyuma na mmoja mkubwa mbele. Nikamuuliza nani anaendesha. "Baba. Ila hajui kama tumepanda." Bibi alikuwa kwenye benchi, akaacha kukunja kitenge chake. Hapo ndo nikaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba baba alihama nyumba mwezi mmoja kabla ya mtoto kuanza kukojoa, na kwamba kuna mdogo wake wa kike aliyeenda kukaa na mama Tanga. Nusu saa ya historia yangu yote ya mwanzo haikuwa na hilo.

Mwaka uliofuata nikaomba tena, sehemu nyingine, swali likaja kwa sura nyingine, nikawaeleza bajaji. Hawakuniuliza dozi hata moja. Walichouliza ni kwa nini nadhani alisema "hajui", shule ilihusishwaje, bibi alipokeaje, na nilikosea wapi. Nikawaambia nilikosea wiki nne nzima. (Ukisimulia mgonjwa badilisha umri, mtaa na chochote kitakachomtambulisha, na useme wazi kwamba umebadilisha, mi nimebadilisha hapa pia. Hiyo peke yake wanaiangalia.)

Kingine mnachobeba bila kujua ni hiki: nyie mnajua vitu ambavyo jopo la nje halivijui. Mtoto wetu kutomwangalia mkubwa machoni ni adabu, ukimsoma kwa macho ya kitabu cha Marekani utamwandikia usonji. Mtoto kulelewa na shangazi si lazima awe katelekezwa. Familia ikikwambia ilianzia kwa mganga kabla ya kuja kwako, usiwasimulie jopo kwa kucheka, waeleze ulivyomuuliza bibi mganga alisema nini na yeye aliamini kipi. Mwenzangu mmoja aliulizwa kuhusu viboko, maana shuleni kwetu bado vipo kisheria, angefanyaje mwalimu akimwambia huyu mtoto wa ADHD dawa yake fimbo. Akaanza kuhubiri haki za binadamu dakika tatu. Walitaka kujua atakaaje na huyo mwalimu mwenye darasa la watoto themanini ili Jumatatu ifuatayo amsogeze mtoto benchi la mbele.

Njia zenyewe sasa, nipite haraka. Kwa Marekani, wengi mnajidanganya kwamba MMed itawapeleka moja kwa moja kwenye feloshipu, yaani mafunzo ya ubobezi. Kwa kawaida haiwi hivyo, feloshipu yao ya watoto ni miaka 2 na inakaa juu ya rezidensi ya saikatria ya kwao, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, kwa hiyo unaanza na USMLE, mitihani yao ya leseni ya udaktari, na cheti cha ECFMG cha madaktari waliosoma nje, rezidensi unaanza upya kama hujawahi kuwa bingwa. Nafuu ni kwamba unaruhusiwa kuingia kwenye watoto baada ya miaka 3 ya rezidensi badala ya 4, jumla 5. Nafasi zinagawiwa kwa mechi, we unapanga vyuo na vyuo vinakupanga, kompyuta inaoanisha, na kanuni yake ya sasa ilisanifiwa upya na Alvin Roth na mwenzake, Roth huyo huyo aliyepata Nobel ya uchumi 2012. Panga kwa unavyopenda kweli, usipange kwa kuotea nani atakutaka, mfumo haukuadhibu kwa kutamani juu. Uingereza ni miaka 3 ya msingi, mitihani ya MRCPsych ya chuo chao cha madaktari wa akili, halafu miaka 3 ya juu ya watoto na vijana. Afrika Kusini ndo wengi wetu tunaangalia, UCT pale Cape Town wana MPhil ya saikatria ya watoto na vijana ya miaka 2, ila ukienda kama mgeni kwa kawaida unakuwa nje ya ikama yao, maana yake mshahara utoke kwa mwajiri wako au mfadhili, na lazima usajiliwe na baraza lao la HPCSA, karatasi hizo zinachukua miezi usizichukulie poa. Chuo Kikuu cha Ibadan Nigeria nao wana shahada ya uzamili ya afya ya akili ya watoto na vijana, inachanganya madaktari na fani nyingine, na kwa mtu anayetaka kujenga timu akirudi nyumbani mi naiona ni nzuri kuliko watu wanavyoisema.

Hela: Wizara ya Afya huwa inatangaza ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi, fuatilia, na kama ni mtumishi wa umma barua ya ruhusa ya mwajiri iombe mapema kabla hata hujajua kama umepata. Kuna mtu namjua alitoboa intavyuu vizuri kabisa halafu barua ikakaa kwenye trei ya ofisi fulani mpaka nafasi ikapewa mwingine. Cheti cha mwenendo mzuri kutoka Baraza la Madaktari nacho kina muda wake, usikichukue mapema mno kikaisha kabla hujatuma.

Wadhamini. Usimchague profesa kwa sababu ya jina. Mchague aliyekuona na mtoto. Barua ya mkubwa inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haina kitu, hata mlinzi wa geti angekuandikia. Mdhamini wangu aliyenifaa alikuwa mwalimu aliyenikuta nimekaa sakafuni na kalamu za rangi za Kariakoo, akaandika hivyo hivyo alivyoona.

Na ile barua ya kujieleza, tafadhali, msianze na "tangu utotoni nimependa watoto". Kila mtu anapenda watoto, hata muuza askrimu. Anza kliniki, anza na kitu ulichoona ukashindwa kukifanya.

Kuna swali la maadili halikosekani. Binti wa miaka 15 anakwambia mjomba anamfanyia ukatili, anakuomba usimwambie mtu. Wengi wanakimbilia "nitatunza siri" au wanakimbilia "nitaita polisi", wote wamekosea mwanzo. Ile siri ilitakiwa uwe umeshaielezea mipaka yake kabla hajafungua mdomo. Baada ya hapo, leo usiku analala wapi, nani mtu mzima anayemwamini, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kituo cha mkono kwa mkono, kile kinachotoa huduma zote za ukatili sehemu moja, kama hospitali yako inacho, na yeye unamwambia kila hatua kabla hujaipiga. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, itaje, lakini isiwe sentensi ya kwanza, sentensi ya kwanza iwe ni ya yule binti.

Halafu watakuuliza ukirudi Tanzania utafanya nini. Mara ya kwanza nilisema nitaanzisha kituo cha taifa, wakatabasamu, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7 na karibu nusu yetu tuko chini ya miaka 18, kwa hiyo kila mtu anajua huwezi kuwaona wote mwenyewe. Mara ya pili nikasema: Alhamisi moja kwa wiki kliniki ya watoto, wauguzi wawili nitakaowafundisha mhGAP, mwongozo wa WHO wa kutibu magonjwa ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa, sehemu ya watoto, na shule mbili za msingi za jirani nitakazotembelea mara moja kwa mwezi. Wakaanza kuandika.

Saa sasa, msicheke. Usaili saa 10:00 ya Cape Town ni saa tano asubuhi yetu, London ni saa saba mchana wakati wa baridi na saa sita wakati wa joto, New York saa kumi na mbili jioni au kumi na moja, inategemea wamegeuza saa au bado, na wanageuza katikati ya msimu wa usaili kabisa. Rafiki yangu alisoma 10:00 akajua saa nne, akakaa saa nzima mbele ya kamera na tai. Afadhali yeye aliwahi. Umeme usiuamini, simu nyingine yenye bando la mtandao tofauti iwe pembeni, na uwaambie majirani, mi katikati ya jibu aliingia muuza samaki na baiskeli anaita dagaa, mama wa jopo akauliza anauza nini, tukacheka, ikapunguza presha.

Mwisho watakuuliza una swali gani, na wewe usiseme sina. Uliza supavisheni: nani anakaa na wewe, mara ngapi kwa wiki, na akikuona ukiwa na mtoto anakaa ndani ya chumba au anasoma notsi tu. Sehemu moja walinijibu kwa kuangaliana. Hiyo niliiweka chini kwenye orodha yangu.

Anayetaka kufanya mazoezi anipigie baada ya saa moja jioni, aje na mtoto mmoja kichwani, na asinianzie na dozi.