Urekebishe pedi ama uipangie kazi?

Swali: Mwalimu habari yako. Nimenunua pedi ya kompyuta, ile ya kushika kwa mikono miwili, pale Luthuli, Nairobi, sasa naandikia vijana wetu wa Kayole maelezo ya vile wataitumia kwa gemu. Niandike "kurekebisha kidhibiti", "kusanidi joistiki" ama "kuseti pedi"? Rafiki yangu anasema kuseti sio Kiswahili.

Jibu: Njema sana ndugu yangu. Kuseti usiiogope, imeshachukua viambishi vyetu, tunasema nimeiseti, haijasetiwa, na kila mtu kuanzia Umoja mpaka Kawangware anaelewa. Mimi naona shida iko kwa hiyo kurekebisha. Kurekebisha ni kurudisha sawa kitu kilichopotoka, unarekebisha makosa, unarekebisha saa inayochelewa, fundi anarekebisha redio. Sasa ukimwambia kijana "rekebisha pedi kabla ya kucheza" na ameitoa kwa boksi leo asubuhi, ataanza kutafuta imeharibika wapi na pengine airudishe dukani bure.

Lakini kuna mahali neno hilo linaingia sawasawa. Unajua vile mchezaji wako ndani ya gemu anaanza kujiendea na hujagusa kitu (hiyo -ji- naipenda sana hapo, inakuonyesha wazi hakuna anayemsukuma), basi kijiti, kile unachosukuma kwa kidole gumba, kimepoteza katikati yake. Kwa pedi nyingi za kawaida unafungua joy.cpl kwa Windows (dirisha la mipangilio ya pedi), unazungusha kijiti mpaka mwisho wake, unakiachilia, na kompyuta inajifunza upya katikati ni wapi. Hapo umerekebisha kweli.

Kuamua kitufe gani kitaruka na gani kitapiga shuti ni kazi tofauti kabisa, na Kiswahili kina kitenzi chake tayari. Usiandike "panga vitufe", hiyo ni kama unavipanga foleni. Weka ile -i- ya kutendea: pangia kitufe kazi. Ndio utapata "kitufe hiki kimepangiwa kuruka" na "hiki hakijapangiwa kitu", herufi moja tu imeongezeka lakini msomaji anajua kazi inaenda kwa nani, na huhitaji kuazima neno lolote.

Kuna ile sehemu ndogo ya katikati ambayo ukisukuma kijiti kidogo gemu haisikii, mimi naiita ulegevu, kama usukani wa gari unaozunguka kidogo kabla magurudumu kufuata. Kwa pedi ya Xbox kila mhimili wa kijiti (kushoto-kulia, ama juu-chini) unaipa kompyuta namba kutoka -32768 hadi 32767, na Microsoft wanapendekeza kwa kijiti cha kushoto gemu ipuuze mpaka 7849. Kwa hiyo ulegevu unaongezwa na kupunguzwa, na hapo pia usiseme unaurekebisha kwa sababu umewekwa makusudi.

Kusanidi ni sawa kwa kitabu, ni kuandaa mipangilio yote kwa jumla, ila usiichanganye na kusakinisha, ambayo inatoka kwa sakini, yaani kukaa, ndio maana programu inasakinishwa, unaipa makao kwa kompyuta. Vijana wa Kayole ukiwaandikia kusanidi wataelewa wakiona imefafanuliwa mara moja.

Joistiki iachie ule mkono mmoja mrefu wa gemu za ndege. Kidhibiti ni kizuri lakini hata rimoti ya TV ni kidhibiti. Pedi ndio neno la watu, ila kwa kichwa cha maelezo andika "pedi ya gemu", maana ukiandika pedi peke yake wengi watafikiria zile wasichana wanapewa shuleni. Na ni pedi yangu, pedi zangu, sio mapedi.

Ningekuwa naandika mimi ningeanza hivi: "Chomeka pedi ya gemu, pangia kila kitufe kazi yake, halafu punguza ulegevu wa vijiti kidogo kidogo mpaka mchezaji akufuate vizuri; akianza kujiendea, uongeze tena kidogo."