5K ndani ya Corolla KE70: hosipawa zinatoka wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla KE70 ya 1982 hapa Moshi. Bodi ni nzima ila injini ya 4K imechoka, inakula oili. Nimepata 5K ya mtumba iliyotoka kwenye LiteAce. Nataka hosipawa 150, lakini gari liwe la barabarani, la kwenda nalo kazini Arusha, na mfuko wangu ni mdogo. Nimeshauriwa nianze na kabureta mbili na kamushafti kali. Je, nianzie hapo?

JIBU: Marahaba. 5K umechagua vizuri. Kabureta mbili na kamu kali viache kwanza, na hizo 150 tuzipime kwa hesabu kabla hujatoa shilingi.

4K yako ina silinda ya milimita 75 na mwendo wa pistoni wa milimita 73, yaani cc 1290. 5K ina silinda ya 80.5 na mwendo ule ule wa 73, inakuja cc 1486. Zote ni za familia moja ya K, kwa hiyo inakaa palepale na giaboksi yako inaipokea. Hamisha tu sampu (bakuli la oili), bomba la kunyonyea oili na maunti kutoka kwenye 4K, maana vya LiteAce vilitengenezwa kwa injini inayokaa chini ya viti.

Sasa hesabu. Kilowati ni torki (nguvu ya kuzungusha, kwa Nm) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9549. Injini ya cc 1500 yenye valvu mbili kwa silinda na pushirodi (vijiti vinavyosukuma roka kufungua valvu), ikijengwa kwa uangalifu, itakupa torki ya kama Nm 120. Ikiishika hadi mizunguko 6,000, hiyo ni kilowati 75, sawa na hosipawa 100 hivi. Kufikia 150 kwa torki hiyo hiyo ungelazimika kuizungusha karibu 8,900. Huko valvu zinaelea (hazifungi kwa wakati), pushirodi zinapinda, na mizunguko ya chini gari halivuti kabisa. Tena hewa ya Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13, na nguvu inashuka hivyo hivyo. Lenga 95 hadi 100. Kwa gari jepesi kama KE70 ni nguvu ya kutosha sana. Ukiwa huwezi kuishi bila 150, njia yake ni injini ya 4A-GE ya kamu mbili, ya valvu 20, lakini ongeza waya, kompyuta, giaboksi, difu na breki. Hiyo si bajeti ndogo tena.

Pesa yako ya kwanza iende kwa mchongaji (fundi wa mashine za kuchonga injini), na nusu ya bajeti ikiishia huko usisikitike. Fungua injini yote na pima silinda kwa geji juu, katikati na chini, pande mbili. Injini ya gari la mizigo mara nyingi imeliwa juu, hapo chonga hadi 81.0 uweke pistoni za oversize 0.50. Nunua pistoni kwanza, mpelekee mchongaji, achonge kwa kufuata pistoni zenyewe. Anayechonga kwa namba ya kwenye boksi anakuachia kazi ya kubahatisha. Ringi ya juu isukume ndani ya silinda ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila geji: milimita 0.30 hadi 0.35. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zinagongana na kuchana silinda. Beringi za krankishafti zipime kwa plastigeji (uzi laini wa plastiki wa kupimia mwanya), utafute milimita 0.04 hadi 0.06. Pampu ya oili weka mpya.

Nguvu yenyewe sasa iko kwenye silinda hedi na kompresheni (kiasi ambacho hewa inabanwa kabla ya kuwaka), na hapa ndipo watu wanaharibu. Mtu anasema "nipigie skimu milimita moja", yaani kwangua uso wa hedi, bila kupima chochote. Fanya hivi: valvu na plagi zikiwa zimefungwa, laza hedi kichwa chini, funika chemba kwa kioo cha plastiki chenye tundu, pakia grisi pembeni, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano ukihesabu cc. Rudia chemba zote nne. Zisitofautiane zaidi ya nusu cc.

Tuchukue mfano, namba zako utapima mwenyewe. Silinda ya 81.0 ina cc 376.2. Chemba 35, gasketi iliyobanwa 6.3, pistoni ikiishia nusu milimita chini ya uso wa bloku 2.6, bakuli la juu ya pistoni 3. Jumla 46.9. Kompresheni ni 376.2 jumlisha 46.9, gawanya kwa 46.9: unapata 9.0. Ukitaka 9.5, nafasi yote ibaki cc 44.3, yaani upunguze 2.6. Mdomo wa chemba ukiwa na eneo la sentimita za mraba 38, skimu ni milimita 0.7. Kwa petroli ya kituoni usivuke 9.5, kwa sababu gari litashuka Tanga au Dar siku moja, na kwenye hewa nzito ndiko injini itakakogonga (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda).

Ukiikata hedi, roka zinasogea karibu na kamu. 5K nyingi zina tapeti zinazojaa oili. Ukizibana zaidi kwa 0.7, zinaweza kuziacha valvu wazi kidogo, injini ikakosa kompresheni uliyoilipia. Weka shimu (vipande vyembamba vya chuma) za unene huo huo chini ya stendi za roka. Kisha bandika udongo wa kuchezea juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono, fungua, pima: valvu ya kuingiza isikaribie pistoni chini ya milimita 2, ya eksozi 2.5.

Viti vya valvu vichongwe pembe tatu. Kwenye milango ya hewa ondoa kingo na usawazishe na gasketi ya manifoldi, basi. Kupanua sana kunapunguza kasi ya hewa, na gari la mjini linahitaji kasi hiyo. Kamu ya kiwandani ikiwa haijaliwa ibaki. Ukiweka mpya, iwe ya nyuzi 260 hadi 265 na tapeti mpya, upake grisi ya kamu. Siku ya kwanza ukiwasha usiiache sailensa (ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta): ishike mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, la sivyo meno ya kamu yanalika siku hiyo hiyo. Oili ya dizeli 15W-40 ya daraja la CI-4 ina zinki ya kutosha kwa tapeti hizi, na inapatikana kila mahali.

Kabureta moja ya Weber 32/36 inatosha, na eksozi ya inchi 2 hadi nyuma. Usiache mdomo wa kabureta wazi au kuuwekea wavu tu. Vumbi la tambarare ya Boma Ng'ombe hadi KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) litakula ringi mpya kabla ya mwaka kuisha. Taiming (wakati wa plagi kupiga cheche) anza na nyuzi 8 kwenye sailensa, jumla 30, ongeza mbili mbili ukisikiliza mlimani, ikigonga rudi. Rejeta isafishwe na iwekwe kulanti, maana hedi ni ya aluminiamu na maji ya kisima yanaila.

Jeti sasa, yaani vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli. Kwenye hewa nyepesi kabureta inamwaga petroli iliyozidi, plagi zinakuwa nyeusi na nguvu inapotea. Kwa Arusha punguza jeti kuu kwa takriban asilimia 3.5 ya kipenyo. Ikiwa ni 140, weka 135. Za 140 zifunge kwenye mfuko mdogo zikae ndani ya gari. Ukiteremka pwani zirudishe kabla hujakanyaga mafuta yote, kwa sababu mchanganyiko mkavu chini kule unatoboa pistoni.