Kuhesabu sato bila kukausha bwawa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwanafunzi wa biolojia abebeshwe takwimu. Chukua bwawa la sato. Unavua 100, unakata ncha ya pezi la kila mmoja, unawarudisha majini. Wiki moja baadaye unavua 80, na 8 kati yao wana alama. Ni mmoja katika kila kumi; basi wale 100 uliowatia alama ni kama sehemu ya kumi ya wote, na bwawani mna sato 1,000 hivi.

Watafiti wa afya hufanya hivyohivyo kwa orodha mbili za wagonjwa, ya hospitali na ya maabara: majina yanayojirudia ndiyo sato wenye alama.

Lakini usikimbilie jibu. Je, samaki wale walichanganyika na wenzao? Wapo waliokufa? Ukitupa wavu kona ileile utawapata walewale, na idadi itatoka ndogo kuliko ilivyo kweli. Hapo ndipo nakusihi uweke nguvu zako, kuliko kukariri fomula.

Leo jioni chukua bakuli la maharage, tia mengine alama ya wino ukiyahesabu, changanya, chota, kadiria idadi ya yote, kisha rudisha; fanya hivyo mara 20. Andika kila jibu uone yanavyopishana.